TEHAMA ya biashara ndogo: jinsi ya kupunguza gharama, kubaki hewani na kuwazuia wezi

Muulize mwenye duka la jumla anatumia shilingi ngapi kwa mwezi kwa mtandao na kompyuta, atakutajia bili ya faiba. Hatataja bando anazowanunulia vijana wa mauzo, programu inayokatwa kimyakimya kwenye kadi yake kila tarehe 3, wala fundi anayelipwa elfu hamsini kila kompyuta ikigoma. Kisha muulize tovuti ya duka imesajiliwa kwa jina la nani, au namba ya WhatsApp ya biashara iko kwenye kitambulisho cha nani. Hapo ndipo kimya huingia.

Gharama, mtandao na usalama hushughulikiwa kana kwamba ni mambo matatu, kila moja na mtu wake. Kwa kampuni yenye idara nzima ya TEHAMA, sawa. Kwa biashara ya watu 5 hadi 50 ni daftari moja tu, kwa sababu kitu kisicho na mwenyewe kinakula pesa, kinakatika bila taarifa, na ndicho mwizi anachoingilia. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: kwanza jua ulicho nacho, kisha kata, kisha unganisha, kisha linda.

Mfano wangu utakuwa duka la kubuni la vipuri vya pikipiki Kariakoo, lenye tawi Mwanza na wafanyakazi 12. Sheria na namba za simu ninazotaja zaidi ni za Tanzania, na pale Kenya inapotofautiana nitasema. Mengine yanafaa popote.

Hatua ya 1: Andika kila kitu pamoja na jina la mwenyewe

Fungua jedwali kwenye Excel, au daftari la kawaida lenye mistari. Safu sita zinatosha: kitu chenyewe, kinalipiwa lini na kiasi gani, kwa shilingi au dola, kimesajiliwa kwa jina, namba na barua pepe ya nani, nani mwingine anaweza kuingia, na nini kitasimama kikikatika kesho asubuhi.

Usitegemee kumbukumbu. Chukua taarifa za benki na za pesa za simu za miezi 12 iliyopita, upitie mstari kwa mstari. Miezi 12, si mitatu, kwa sababu kikoa cha tovuti, leseni ya kinga ya virusi na matengenezo ya mfumo wa mauzo hulipiwa mara moja kwa mwaka, na huja siku ambayo hukuvipangia bajeti. Ukimaliza makaratasi, tembea dukani: hesabu kompyuta, printa, kamera, ruta, vishikwambi, mashine ya EFD na laini zote za simu. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na wafanyakazi wanaoshika laini za ofisi nao wapige.

Safu ya nne ndiyo itakayokukosesha usingizi. Mambo haya hujitokeza karibu kila mahali:

Kikoa cha tovuti, ile anwani inayoishia na .co.tz au .com, kimesajiliwa kwa barua pepe ya fundi aliyeitengeneza miaka minne iliyopita. Kivitendo, anayeshika barua pepe hiyo ndiye anayeshika tovuti, na pamoja nayo barua pepe zote za kampuni. WhatsApp ya biashara iko kwenye laini ya dada wa mauzo aliyeacha kazi. Lipa Namba inatoa taarifa za malipo kwenye simu ya mtu mmoja tu, na siku hiyo yuko msibani. Ukurasa wa Facebook una wasimamizi wanne, wawili hawajulikani ni akina nani. Kamera za ulinzi zinaonekana kupitia akaunti ya aliyezifunga, maana yake anaweza kuangalia kaunta yako akiwa nyumbani kwake.

Rekebisha haya kabla ya kununua chochote. Fungua barua pepe moja ya kampuni isiyo ya mtu binafsi, halafu hamishia huko usajili wa kikoa, programu, kamera na kurasa za mitandao ya kijamii. Laini za biashara zisajiliwe kwa jina la kampuni, kwa kutumia TIN na leseni. Kikoa kikiwa kwa fundi, mwombe akibadilishe jina la mmiliki kwa msajili, na umlipe muda wake. Fanya hivyo mkiwa bado mnapatana. Bei ya kukomboa kikoa kutoka kwa fundi mliyegombana naye haina mpaka.

Hatua ya 2: Kata kinachovuja

Jedwali likikamilika, kukata ni rahisi kuliko unavyodhani. Anza na leseni za watu waliokwisha ondoka: ukilipia barua pepe au mfumo kwa kila mtumiaji, kila jina la mfanyakazi wa zamani bado linatozwa. Kisha tafuta vitu viwili vinavyofanya kazi moja. Duka letu la mfano linalipia hifadhi ya mtandaoni ya Google na ya Dropbox, na pia lina Microsoft 365 ambayo ndani yake kuna OneDrive isiyotumiwa na mtu.

Dola inahitaji jicho la pekee. Programu nyingi za nje hutozwa kwa dola, na mwaka 2024 shilingi ya Tanzania ilipita 2,700 kwa dola kabla ya kurudi nyuma. Programu haikupanda bei, lakini bili yako ilipanda. Kwa hiyo vitu vya dola viwekee bajeti yenye nafasi ya kupumua, na uvifunge kwenye kadi moja yenye kikomo, si kwenye kadi ya akaunti kuu. Kama mtoa huduma wa ndani bado anakuandikia ankara ya intaneti kwa dola, mwulize kwa nini: kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kuweka bei za bidhaa na huduma za ndani ya Tanzania kwa fedha za kigeni.

Kuhusu kompyuta, nina msimamo ambao wauzaji hawaupendi. Kompyuta mpya ya bei ya chini, yenye prosesa dhaifu na hifadhi ya GB 64, ni pesa ya kutupa. Kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, yenye RAM ya GB 8 au 16 na diski ya SSD, itafanya kazi miaka mingi kwa bei hiyohiyo. Ila kuna mtego. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na TPM 2.0, kijenzi cha usalama kilicho ndani ya kompyuta. Bado zipo kompyuta za kizazi cha 4 na cha 6 zinazopangwa madukani zikiwa zimewekewa Windows 11 kwa njia za kuzunguka. Kabla ya kulipa, soma jina la prosesa: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6. Ya pili iache, au iwekee Linux Mint badala ya Windows na LibreOffice badala ya Office, ikiwa kazi yake ni kuandika barua na kufungua mfumo wa mauzo kwenye kivinjari.

Windows na Office za "kuaktivetiwa na fundi" usizihesabu kama akiba. Kile kiprogramu cha kuvunja leseni hukuomba kwanza uzime kinga ya virusi. Tafakari ombi hilo.

Bando za wafanyakazi nazo zipime. Kompyuta ikitumia intaneti ya simu, Windows hupakua masasisho makubwa bila kuuliza na bando la wiki linaisha mchana. Kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows kuna kitufe cha kuiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Kiwashe kwa kila kompyuta inayotoka nje ya ofisi, na masasisho yafanyike ikirudi kwenye faiba.

Hatua ya 3: Jua saa moja bila mtandao inakugharimu nini

Watu hubishana kuhusu "mtandao mzuri" bila kupiga hesabu hii, matokeo yake ama wanalipa zaidi ya mahitaji, ama wanabana mpaka wanaumia.

Chukua duka letu. Mauzo ya mwezi ni shilingi milioni 90, linafunguliwa saa 10 kwa siku, siku 26, yaani saa 260. Mauzo ya saa moja ni kama 346,000. Faida ghafi ni asilimia 15, hivyo saa moja ina faida ya takriban 52,000. Mtandao ukikatika si wateja wote wanaoondoka, kwani wengine wana pesa taslimu mkononi. Tuseme theluthi moja wanaenda duka la jirani: hasara ni kama 17,000 kwa saa. Laini ikilala saa 7 kwa mwezi, unapoteza karibu 120,000.

Sasa una kipimo. Laini ya pili ya shilingi 60,000 kwa mwezi inajilipa yenyewe. Laini maalumu ya shilingi 600,000 hailipi, hata muuzaji awe na ulimi gani. Biashara ya kupokea oda za mtandaoni au kituo cha kujibu simu itapata jibu tofauti kabisa, ndiyo maana lazima upige za kwako.

Hatua ya 4: Laini ya kwanza

Kwanza elewa kinachouzwa. Mbps 20 si megabaiti 20 kwa sekunde. Gawa kwa 8, unapata 2.5. Na tangazo likisema "hadi", maana yake kasi hiyo unagawana na majirani, na saa 2 usiku utaona tofauti. Kwa duka la mchana hilo si tatizo kubwa.

Mfumo wa mauzo wa mtandaoni hutumia kidogo sana, vivyo hivyo barua pepe na benki. Kinachokula ni video. Mkutano wa video wa picha safi unataka Mbps 1 hadi 4 kwa kila kompyuta, kwenda na kurudi. Kamera za ulinzi ndizo hatari zaidi: kamera moja ya HD inayorushwa muda wote kwenda mtandaoni kwa Mbps 2 inatuma karibu GB 21 kwa siku. Zidisha kwa kamera 8 uelewe kwa nini mashine ya kaunta inasuasua. Rekodi zibaki kwenye DVR ya dukani, yaani kisanduku cha kurekodia picha za kamera, na wewe ufungue picha pale tu unapotaka kutazama. DVR yenyewe iweke chumba cha kufungwa. Mwizi wa usiku huwa anaondoka nayo.

Kwa duka la watu 12, faiba ya Mbps 20 inatosha. Pesa iliyobaki iende kwenye mambo mawili: laini ya pili na umeme.

Kabla ya kusaini, uliza na upate majibu kwa maandishi: kasi ya kupandisha ni ngapi, si ya kushusha tu, kuna kikomo cha matumizi baada ya GB fulani, hitilafu ikitokea mnarekebisha ndani ya saa ngapi, nikihama eneo mkataba unakuwaje, ruta ni yenu au yangu. Wakikuahidi upatikanaji wa asilimia 99, piga hesabu: kwa mwezi wa siku 30 ni ruhusa ya kukatika saa 7.2. Asilimia 99.5 ni saa 3.6. Uliza pia nini kitatokea wakivuka hapo. Kama jibu ni "tutaomba radhi", ahadi hiyo haina thamani kwenye jedwali lako.

Hatua ya 5: Laini ya pili isipite njia ya laini ya kwanza

Hapa ndipo wengi hulipa mara mbili na kukatika mara moja. Wana faiba ya kampuni A na faiba ya kampuni B, zote zimepita kwenye nguzo zilezile mtaa uleule. Siku kijiko cha mkandarasi wa barabara kinapochimba, zote mbili zinakufa pamoja.

Kuna ngazi tatu za kukatika, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni mtaani: waya umekatwa, nguzo imeanguka, kiboksi kimeungua. Dawa ni kuchanganya aina: faiba kwa laini ya kwanza, intaneti ya simu ya 4G au 5G kwa ya pili, kutoka kampuni nyingine. Ukiwa Kenya, Starlink, iliyoanza kuuzwa huko Julai 2023, ni chaguo jingine ambalo halitegemei nguzo za mtaa. Nunua ruta yenye uwezo wa kupokea laini mbili na kuhama yenyewe moja ikifa. Halafu ijaribu: mara moja kwa mwezi, kabla ya kufungua duka, chomoa waya wa faiba uone kama mashine ya kaunta inaendelea. Laini ya akiba isiyojaribiwa huwa imeishiwa bando.

Ya pili ni umeme. Kiboksi cha faiba na ruta kwa pamoja hula kama wati 20. Betri ya volti 12 yenye Ah 7, ile ndogo ya kwenye UPS (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika), ina kama Wh 84, hivyo inaweza kuviweka hai saa tatu au zaidi ikiwa nzima na haibebi kompyuta za mezani. Kosa la kawaida ni kuchomeka kila kitu kwenye UPS moja ikaisha kwa dakika 10. Ruta na kiboksi wape UPS yao ndogo, kompyuta ya kaunta yake. Hiki ndicho kifaa cha bei rahisi kinacholeta tofauti kubwa kuliko vyote katika mwongozo huu.

Ya tatu ni baharini. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom, mikongo ya intaneti inayopita chini ya bahari, ilikatika kwenye pwani ya Afrika Kusini, wakati tayari njia ya kaskazini kupitia Bahari ya Shamu ilikuwa imeharibika tangu Februari. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana, intaneti ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Siku hizo mwenye laini mbili za kampuni mbili zinazotegemea mkongo uleule hakuwa na tofauti na mwenye moja. Mwulize kila mtoa huduma: mnatokea nje kwa mikongo ipi, na mmoja ukikatika mnahamia wapi? Wa maana atakujibu kwa majina: EASSy, Seacom, 2Africa, TEAMS kwa upande wa Mombasa. Anayejibu "sisi mtandao wetu haukatiki" umjue.

Jambo lisilosemwa sana: mawasiliano kati ya wateja na seva zilizo ndani ya nchi yanaweza kupita kwenye vituo vya kubadilishana data, kama TIX ya Dar es Salaam na KIXP ya Nairobi, bila kugusa mkongo wa baharini. Kama mfumo wako wa stoo uko kwenye seva ya Ulaya, ukikatika mkongo hata hesabu ya bolti zilizo nyuma yako huioni. Unapochagua mfumo wa mauzo, uliza seva iko wapi, na uchague ule unaoweza kuendelea kuuza bila mtandao kisha ukatuma rekodi baadaye. Sifa hiyo moja inazidi rangi zote za kwenye skrini.

Hatua ya 6: Linda pesa kabla ya kulinda kompyuta

Neno "wadukuzi" huwafanya watu wawaze vijana wenye kofia wakivunja seva. Pesa nyingi za biashara ndogo huondoka kwa idhini ya mwenyewe, kwa kudanganywa.

Wizi mkubwa zaidi kwa waagizaji ni wa akaunti iliyobadilishwa. Umekubaliana na msambazaji wa Guangzhou, profoma imekuja, unajiandaa kutuma dola. Inaingia barua nyingine katika mazungumzo yaleyale: benki yetu ya zamani inakaguliwa, tafadhali lipia akaunti hii mpya. Mwandiko ni wa yuleyule, nembo ni ileile, kwa sababu mwizi amekuwa ndani ya barua pepe yake, au yako, akisoma kwa wiki kadhaa. FBI ya Marekani ilipokea ripoti za hasara ya takriban dola bilioni 2.9 za wizi wa aina hii kwa mwaka 2023 pekee.

Dawa yake haihitaji programu. Andika kanuni na uibandike mezani kwa mhasibu: namba ya akaunti ikibadilika, hakuna malipo mpaka mtu apige simu kwa namba ya zamani tuliyokuwa nayo kabla, asikie sauti anayoijua. Si namba iliyo kwenye barua hiyo. Na malipo yanayozidi kiwango fulani yaidhinishwe na watu wawili kwenye mfumo wa benki. Bosi naye asijipe msamaha. Wezi wanapenda sana kuandika kwa jina la bosi aliye safarini, "lipa haraka, nipo kwenye kikao."

Wizi wa pili ni ule wa kaunta: mteja anakuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, mzigo unaondoka, pesa haipo. Muuzaji asitazame simu ya mteja hata kidogo. Malipo ni yale yaliyoonekana kwenye simu au mfumo wa duka. Ndiyo maana taarifa za Lipa Namba, au za Till kwa walio Kenya, lazima zifike mahali ambapo walio kaunta wanaziona.

Zile meseji za "hiyo hela tuma kwenye namba hii" bado zinawanasa wahasibu, hasa siku ambazo kweli kuna mtu anasubiri kutumiwa. Zipeleke 15040 ili namba ifungiwe.

Hatua ya 7: Akaunti na nywila

Barua pepe kuu ya kampuni ndiyo funguo ya kila kitu, maana kila "nimesahau nywila" inaishia humo. Iwekee uthibitishaji wa hatua mbili leo. Usitumie meseji kama una njia nyingine: mwizi akifanikiwa kurinyu laini yako, meseji zinakwenda kwake. Tumia programu ya namba za siri kwenye simu, kama Google Authenticator, na zile namba za dharura zichapishe uziweke kwenye sefu.

Nywila iwe ndefu. Maneno manne au matano yasiyohusiana yanashinda "Kariakoo@2024". Tangu 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeacha kupendekeza kubadilisha nywila kila baada ya miezi kadhaa bila sababu, kwa kuwa watu huongeza tu namba mwishoni. Badilisha mtu akiondoka au kukiwa na dalili za wizi. Kwa timu, tumia programu ya kutunza nywila kama Bitwarden, ili zisizunguke kwenye kundi la WhatsApp.

Mfanyakazi anapoondoka, fungua jedwali la hatua ya 1 na upite kila mstari wenye jina lake siku hiyohiyo. Usisahau vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp: kompyuta yake ya nyumbani inaweza kuwa bado inasoma meseji za wateja.

Hatua ya 8: Ruta na masasisho

Badilisha nywila ya kuingilia ruta, si ya Wi-Fi pekee. Wateja na wafanyakazi wasio na kazi ya mfumo wape Wi-Fi ya wageni, iliyotengwa na kompyuta za kaunta. Zima uwezo wa kuisimamia ruta kutoka nje. Na ruta yenyewe isasishwe: mwaka 2018 tundu lililokuwa limezibwa tangu Aprili kwenye ruta za MikroTik, ambazo zimejaa maofisini kwetu, lilitumiwa miezi michache baadaye kuteka maelfu kwa maelfu ya ruta duniani na kuzifanya zichimbe sarafu za kidijitali. Dawa ilikuwapo. Haikuwekwa.

Kwa kompyuta, ruhusu masasisho ya usiku, na kila mtu atumie akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu.

Hatua ya 9: Nakala za akiba, na jaribio la kuzirudisha

Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya viliingia kampuni ya meli ya Maersk na kufuta karibu kila kompyuta. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. Kampuni ilikuwa na nakala nyingi za seva zinazotunza majina na ruhusa za watumiaji wote, lakini zote ziliunganishwa pamoja, zikafa pamoja. Iliyopona ni moja tu, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya virusi kufika. Mfumo huo wa kampuni nzima ulijengwa upya kutoka kwenye mashine hiyo.

Usisubiri bahati ya TANESCO. Kanuni ni 3-2-1: nakala tatu za data, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa duka letu: data halisi kwenye kompyuta ya ofisi, diski ya nje inayochomekwa jioni na kuchomolewa, na nakala ya mtandaoni inayotunza matoleo ya zamani. Kuchomoa ndiyo siri ya jambo zima. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hufunga pia diski iliyoachwa imechomekwa.

Angalizo kwa watumiaji wa Tally, programu ya uhasibu: data yake hukaa kwenye folda zenye majina ya namba tupu, na mtu anayenakili "Documents" na "Desktop" anaziacha. Angalia folda ya data iko wapi ndani ya programu yenyewe.

Kila robo mwaka chukua nakala hiyo uirudishe kwenye kompyuta nyingine, ufungue ankara ya mwezi uliopita. Andika ilichukua muda gani. Muda huo ndio utakaofunga duka siku ya tatizo.

Hatua ya 10: Sheria, na saa ya kwanza ya tatizo

Majina, simu na madeni ya wateja ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya taarifa hizo anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake ya 2019, inayotaka Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika. Njia rahisi ya kupunguza mzigo huu ni kufuta usichohitaji: nakala za vitambulisho vya wateja wa 2019 hazikusaidii chochote.

Chapisha karatasi moja ya dharura, kwa kuwa siku ya tatizo kompyuta haitafunguka. Iwe na mpangilio huu. Pesa zikitumwa pasipostahili, piga benki au mtoa huduma wa pesa za simu kwanza, kabla hata ya kumwambia bosi, uombe muamala uzuiwe, dakika zinahesabika. Kompyuta ikionyesha ujumbe wa kudai fidia, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi, chomoa diski za nje, usifute kitu, piga picha ya skrini. Badilisha nywila ya barua pepe kuu ukitumia kifaa kingine safi, kisha angalia kama kuna kanuni ya siri inayopeleka barua zako kwingine, maana wezi hupenda kuiacha humo hata baada ya nywila kubadilika. Ripoti polisi upate namba ya kumbukumbu, benki itaiomba. Chini yake andika kwa mkono namba za benki, watoa huduma wote wawili wa intaneti, fundi, na mtu aliyeandika mfumo wa mauzo.